Ufundi wa Maneno kwa Wazee Wetu: Majina Yake na Kazi Yake

Kila mwanafunzi mwenye kumaliza sekondari katika nchi yetu amejifunza majina kama metafora, hiperboli, metonimi na perifrazi. Anayaweka kichwani, anaandika mfano mmoja wa La Fontaine ao wa Victor Hugo, anapata pointi zake kwa egzameni ya Leta, kiisha anayasahau. Lakini muulize mwanafunzi huyo: koko yako, ile jioni alipomsema jirani bila kutaja jina lake, alitumia ufundi gani? Atanyamaza. Kwake yeye, ufundi wa maneno ni kitu cha kitabu, tena cha kitabu cha wazungu. Koko yake anasema tu.

Hapo njo kuna kosa ambalo makala hii inataka kusahihisha. Wazee wetu walikuwa na ufundi huo, walikuwa na majina yake, walikuwa na mafundi waliofundishwa miaka na miaka. Na zaidi ya yote, kwao kila ufundi ulikuwa na kazi. Haukuwa pambo la kufanya maneno yapendeze. Mwanafunzi akielewa kazi ya ufundi, jina lake halitamtoka tena. Nitachukua mifano kwa Walokele, Walega, Wanyanga na Waluba, na jina moja ambalo Kongo yote inalijua. Lakini tuanze na majina yenyewe.

1. Majina haya yametoka wapi?

Yametufikia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni shule ya Wabelgiji, ambayo ilileta majina ya Kigiriki kwa mlango wa Kifaransa. Neno metafora kwa Kigiriki maana yake ni kuhamisha, kuvusha kitu toka fasi moja mpaka fasi ingine. Aristote aliueleza ufundi huo katika kitabu chake juu ya ushairi, zaidi ya miaka 2300 iliyopita.

Njia ya pili inatoka mashariki. Wafanyabiashara wa pwani walipita Ujiji, wakavuka ziwa Tanganyika, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 walikuwa wamekwisha kukaa Nyangwe na Kasongo. Walileta Kiswahili, na ndani ya Kiswahili maneno ya Kiarabu kama methali na hadithi. Nyuma, vitabu vya Kiswahili sanifu vikatuletea mengine: sitiari, tashbihi, tashihisi, mubalagha, takriri. Wanafunzi wanayaogopa sababu hakuna mtu aliyewafungulia maana.

Tuyafungue basi. Sitiari inatoka kwa neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima. Mgiriki anasema kuvusha, Mwarabu anasema kuazima, lakini jambo ni moja: nikisema « Mzee huyu ni simba », nimeliazima jina la mnyama wa pori, nimelivusha mpaka kwa mtu. Tashbihi ni kushabihisha, yaani kufananisha wazi: « Anakimbia sawa swala ». Neno « sawa » ao « kama » linabaki pale, kila mtu analiona. Tashihisi ina ndani yake neno shakhsi, maana yake mtu: ni kukipa kitu utu, vile tunasemaka kwamba njaa imebisha hodi kwa nyumba. Takriri ni kurudilia. Mubalagha ni kupitisha kiasi.

Lakini kuko jina ambalo halikupita Ugiriki wala Arabuni: fumbo. Kufumba ni kufunga. Tunafumba macho, tunafumba mkono. Mwenye kusema fumbo amefunga maana ndani ya mkono wake. Kazi ya msikilizaji ni kufumbua. Neno hili moja la Kibantu linatuambia jambo ambalo vitabu vya shule havilisemi vizuri: ufundi wa maneno ni kazi ya watu wawili, mwenye kufumba na mwenye kufumbua. Tushike jambo hilo, litatusaidia mbele.

2. Ngoma ya Walokele: juu ya nini kurefusha maneno?

Walokele ni wavuvi na wachuuzi wa mto, chini ya Kisangani. Ngoma yao ya kupeleka habari haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani, lenye mwanya juu na midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938, alijifunza kuipiga, na mwaka 1949 alitoa kitabu kuihusu. Walokele wenyewe walimpa jina lake la ngoma.

Kilokele ni lugha ya toni, yaani kila silabi ina sauti ya juu ao ya chini. Ngoma inatoa toni tu. Haiwezi kutoa konsona wala vokali. Kwa hiyo maneno mengi yanafanana kwa ngoma. Neno la mwezi na neno la kuku, yote mawili yana sauti mbili za juu. Mtu aliye ngambo ya mto akisikia sauti mbili za juu, atajuaje kama wanasema mwezi ao kuku?

Wapigaji waliikata shida hiyo kwa ufundi. Hawakupiga neno peke yake. Kwa mwezi, waliongeza maneno yenye kusema kwamba unatazama chini kwa dunia. Kwa kuku, waliongeza kwamba ni yule mdogo mwenye kulia kwa sauti yake ya kiokio. Maneno hayo ya kuongeza hayabadiliki, kila mpigaji anayajua. Sasa mstari ni mrefu, toni zake ni mingi, na haziwezi kuchanganyika tena na zile za neno lingine. Watu pia walikuwa na majina ya ngoma, marefu, yenye kuunganisha jina la mtu na la baba yake na kijiji cha mama yake, kusudi fulani wa hapa asichanganywe na fulani wa kule.

Kwa kitabu cha shule, ufundi huo unaitwa perifrazi, yaani kuzunguka neno kwa maneno mingi, ao epiteti ya kudumu, yaani sifa inayoshikamana na jina kila mara. Mwalimu wa Kifaransa anaufundisha kwa mfano wa Homère, ambaye kila asubuhi katika tenzi zake ina sifa ileile. Mwanafunzi anajiuliza: juu ya nini kurudilia sifa ileile, si inachosha? Kwa Walokele jibu linasikika kwa masikio. Wanarefusha kusudi habari ifike nzima. Ujumbe wa kifo ao wa hatari ukieleweka vibaya, kijiji kizima kinapata hasara.

3. Walega: fumbo lenye kushikwa kwa mkono

Twende sasa kusini-mashariki ya Kisangani, kwenye pori la Shabunda, Mwenga na Pangi. Kwa Walega, hekima ilikuwa na nyumba yake: bwami. Bwami ni ushirika wenye ngazi. Mtu anapanda toka ngazi ya chini mpaka kindi, ambayo ni ya juu kabisa, na wanawake pia wana ngazi zao karibu na waume zao. Hakuna anayepanda kwa nguvu za mikono. Anapanda kwa tabia njema, kwa msaada wa ndugu zake, na kwa kufundishwa.

Mafundisho yenyewe yalipita kwa methali. Lakini methali ya bwami haisemwi peke yake kama tunavyofanya kalasini. Mwalimu anacheza, anaimba, na kwa mkono anaonyesha kitu: mdomo wa ndege, ganda, ngozi ya mnyama, sanamu ndogo ya mti ao ya pembe ya tembo. Kitu na methali vinakwenda pamoja. Kuko sanamu moja ya mtu mwenye vichwa vingi; jina lake ni Sakimatwematwe, yaani Bwana Vichwa-Vingi. Haimaanishi zimwi. Inamaanisha mzee mwenye kuangalia pande zote mbele ya kukata neno, mwenye kuona hata kilicho ngambo ya mto. Inafundisha haki.

Walega pia walikuwa na mutanga, kamba ambayo vitu vidogo vimetundikwa, kila kitu na methali yake. Mwenye akili anapita kitu kwa kitu na kusoma. Tuseme wazi: hii ni maktaba.

Kitabu cha shule kinaita ufundi huo simboli: kitu kinachoonekana kinabeba wazo lisiloonekana. Na hapa tunakumbuka lile neno fumbo. Sanamu imefumba, methali inafumbua. Ukitenganisha viwili hivyo, hakuna kinachobaki.

Na vilitenganishwa. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitoa amri ya kukomesha bwami. Sanamu mingi za Walega leo ziko Tervuren na katika makumbusho mengine ya Ulaya na Marekani. Wageni wanazipenda, wanasema ni nzuri. Karatasi ndogo pembeni inaandika urefu wake kwa sentimita na aina ya mti. Lakini methali haiko kwa ile karatasi. Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyekaa kati ya Walega katika miaka ya 1950, aliandika methali mingi alizofundishwa na wazee wa bwami, na kitabu chake cha 1973 kimeokoa sehemu kubwa. Hata hivyo, kila mzee aliyekufa bila kuulizwa ameacha mahali fulani sanamu yenye mkono uliofumbwa milele.

4. Wanyanga: kupitisha kiasi kusudi kufundisha kiasi

Kwa Wanyanga wa Walikale, tunakuta majina ya aina za maneno yenye kupangwa vizuri kabisa. Mushumo ni methali. Uano ni hadithi ya kubuni. Nganuriro ni habari ya mambo yaliyotendeka. Rwimbo ni wimbo. Na juu ya yote kuko karisi, utenzi mrefu wa shujaa. Mtu mwenye kusema kwamba wazee wetu hawakuwa na nadharia ya fasihi, tumuonyeshe orodha hii.

Karisi inayojulikana zaidi ni ile ya Mwindo. Biebuyck aliiandika mwaka 1956 toka kinywa cha Candi Rureke, na mwaka 1969 akaichapisha pamoja na Mkongomani Kahombo Mateene, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Rureke hakukaa kwa kiti kusoma. Aliimba, alisimulia, alicheza, njuga ya kibuyu kwa mkono mmoja na conga, ule usinga wa shujaa, kwa mkono mwingine, na wasaidizi wakapiga fimbo na kuitika nyimbo.

Mwindo anazaliwa akitembea na akisema. Ile njo jina lake la sifa, Kabutwakenda: kadogo kaliyozaliwa na papo hapo kakatembea. Baba yake, Shemwindo, anataka kumuua. Anamtupa mtoni ndani ya ngoma. Mtoto anatoka, anamtafuta shangazi yake Iyangura, kiisha anamfuata baba mpaka chini ya ardhi. Mwanafunzi akiulizwa, anajibu haraka: hiperboli, mubalagha! Ni kweli. Lakini mwalimu asiishie hapo. Aulize: mubalagha hiyo inafanya kazi gani?

Jibu liko mwishoni mwa hadithi. Mwindo ana nguvu kupita kiasi, na anajisifu kupita kiasi. Siku moja anaua joka ambalo ni rafiki wa Nkuba, yaani Radi. Nkuba anamchukua juu mbinguni, na huko shujaa anakaa mwaka mzima katika baridi, mvua na jua kali. Hana ukali tena. Anapewa makatazo. Anaporudi, anawapa watu wake sheria za kuishi pamoja, na yeye mwenyewe anatawala kwa upole. Sasa tunaelewa: msimulizi alimpandisha Mwindo juu sana kusudi tuone namna gani hata mkubwa wa namna ile lazima ashushwe. Karisi inafundisha watawala. Kama shujaa angekuwa mtu wa kawaida, fundisho lingekuwa dogo.

5. Waluba: kupinganisha, kukumbuka, kuita

Kwa Waluba wa Katanga, historia ya ufalme ilikuwa mikononi mwa ushirika wa Mbudye. Ndani yake, watu wa kumbukumbu, bana balute, walishika lukasa: ubao mdogo wenye shanga na alama za kuchonga. Msomaji anapitisha kidole juu ya shanga na kusimulia wafalme, safari, na mahali patakatifu. Ubao mmoja unaweza kusomwa namna mbalimbali, kufuatana na msomaji na sababu ya kikao.

Hadithi ya mwanzo wa ufalme imejengwa juu ya kupinganisha watu wawili, ufundi ambao shule inaita antitezi. Nkongolo Mwamba ni mwekundu, mkatili, anakula na kunywa mbele ya watu wote. Mbidi Kiluwe, mwindaji mgeni, ni mweusi, ana adabu, anakula kwa siri kama inavyomfaa mfalme. Mwana wa Mbidi, Kalala Ilunga, njo anamshinda Nkongolo. Upinzani huo wa rangi na tabia unasaidia kumbukumbu, sababu kitu kinashikwa vizuri pembeni ya kinyume chake. Tena unafundisha siasa: mtawala asiyejizuia hafai.

Kwa Waluba wa Kasai kuko kasala. Ni maneno ya kuita: jina la mtu, majina yake ya sifa, wazazi wake, ukoo wake, waliokufa na walio hai, jina juu ya jina. Yanaimbwa kilioni na wakati mwingine mkubwa. Watafiti wetu wameiandika vizuri: Patrice Mufuta alichapisha kazi yake Paris mwaka 1969, na Clémentine Faïk-Nzuji ya kwake Lubumbashi mwaka 1974. Mtu wa nje akisikia kasala atasema: takriri nyingi mno, sifa nyingi mno. Lakini mwenye kuitwa hasikii takriri. Anasikia kwamba hayuko peke yake, kwamba nyuma yake kuna watu. Kwa hiyo analia, ao anasimama, ao anatoa alichonacho.

6. Bula Matari: jina moja lenye historia nzima

Mfano wa mwisho ni wa Wakongomani wote. Kuanzia mwaka 1879 Stanley alifungua barabara katika mawe ya Bas-Congo. Watu wakamwita Bula Matari, mvunja-mawe. Neno la mawe ni lilelile la mji wa Matadi. Mwanzo lilikuwa jina la utani la mtu mmoja. Kiisha likahamia kwa Leta Huru ya Kongo ya 1885 mpaka 1908, na nyuma yake kwa utawala wote wa kikoloni. Mkusanya kodi akifika, watu wanasema: Bula Matari amekuja, hata kama mtu huyo hajavunja hata jiwe moja.

Vitabu vinaita hivi metonimi: jina la kitu kimoja linachukua nafasi ya kingine kinachoambatana nacho. Lakini angalieni kilicho ndani yake. Watu hawakusema serikali imetuletea sheria. Walisema: ni nguvu yenye kuvunja. Hukumu nzima juu ya ukoloni imefumbwa katika maneno mawili, na mkoloni mwenyewe alilitumia jina hilo akiona ni sifa. Ufundi wa maneno ulikuwa pia silaha ya wasio na bunduki.

7. Sisi waalimu na wazazi, tufanye nini?

Kuko wenzetu wenye kusema: programu ni ndefu, egzameni inauliza kwa Kifaransa, tutapata wapi saa ya mambo ya wazee? Ninawaelewa. Kalasi ina watoto wengi na mshahara unachelewa. Lakini sioni kama tunaongeza kazi. Mwanafunzi aliyeelewa perifrazi kwa ngoma ya Walokele ataitambua hata kwa shairi la Kifaransa. Aliyeijifunza kwa kukariri tu, ukimbadilishia mfano, anapotea. Tena Katiba ya 2006 imetaja Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike katika mafundisho. Mlango uko wazi.

Kalasini, mbele ya ufundi wowote, tuulize maswali matatu: Nani anamwambia nani? Juu ya nini hakusema waziwazi? Ingelikuwaje kama angesema waziwazi? Kwa maswali hayo, hata methali ya kila siku, « Kidole kimoja hakivunji chawa », inafunguka. Mzee anaisema kwa ndugu wanaogombana. Hataki kumhukumu mmoja mbele ya mwingine. Anaazima kidole na chawa kusudi kila mmoja ajihukumu mwenyewe. Angesema waziwazi « Mna kosa wote », kikao kingeharibika.

Nyumbani, tuwatume watoto wakaandike. Si methali peke yake, sababu methali tupu ni kama ile sanamu ya makumbusho. Waandike nani aliisema, siku gani, mbele ya tatizo gani, na wasikilizaji walijibu nini. Waandike pia jina ambalo lugha ya nyumbani inaupa ufundi huo, sawa vile Wanyanga wanasema mushumo na uano. Daftari moja kwa kila kalasi inatosha kwa kuanza. Baada ya miaka mitano shule itakuwa na kitabu chake, na siku koko akitutoka, mkono wake hautabaki umefumbwa.